NGOMA ILIYOKATAZWA: HABARI ZA PANI YA TRINIDAD



Katika lugha yetu neno ngoma lina maana zaidi ya moja. Ngoma ni mti uliochongwa ukawambwa ngozi. Tena ngoma ni mchezo wenyewe, pamoja na watu waliokusanyika kuucheza. Mtu akisema, "Usiku huu pana ngoma," hatumwulizi kama ni chapuo, au msondo, au vumi. Twajua ya kuwa watu watakutana, watacheza na kuimba, na pengine watasema kwa nyimbo yale wasiyoweza kuyasema kwa maneno matupu mbele ya wakubwa. Kwa hiyo msemaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa jambo hili: mwenye kuikataza ngoma hakatazi sauti peke yake, bali akataza na mkutano.

Leo twataka kulitazama jambo hilo katika habari za kisiwa kilicho mbali nasi, kisiwa cha Trinidad. Huko sheria iliziondoa ngoma mikononi mwa watu. Na kabla ya miaka 70 kupita, watu wale wale walikuwa wameunda ala mpya ambayo ulimwengu haujapata kuiona, ala iliyotengenezwa kwa mapipa ya mafuta. Wenyewe huiita kwa jina fupi, nasi twaliandika pani.

Trinidad ni kisiwa cha bahari ya Karibi, karibu sana na pwani ya Venezuela. Palipo pembamba, maji yaliyo kati ya kisiwa na bara hayafiki maili 10. Ukubwa wake ni karibu mara tatu ya Unguja. Christopher Columbus alifika huko mwaka 1498, na Wahispania wakakishika karibu miaka 300. Mwaka 1783 mfalme wa Hispania aliwafungulia mlango wageni wa dini ya Katoliki, ndipo walipokuja wenye mashamba wa Kifaransa kutoka visiwa vya jirani, pamoja na watumwa wao Waafrika. Mwaka 1797 Waingereza wakakiteka. Basi serikali ikawa ya Kiingereza, desturi za wenye mashamba zikawa za Kifaransa, na kazi nzito ya miwa ikawa juu ya migongo ya watumwa.

Wafaransa hao walileta sikukuu iitwayo Kanivali, ambayo husherehekewa siku za mwisho kabla ya Kwaresima. Mabwana na mabibi walivaa nguo za kujigeuza, wakatembeleana na kucheza dansi majumbani. Watumwa hawakuwa na sehemu katika furaha hiyo, ila kuitazama. Lakini walikuwa na jambo lao. Moto ulipozuka usiku katika shamba la miwa, watumwa wa mashamba ya karibu waliamshwa kwa baragumu, wakaswagwa kwa viboko na mienge, wakaikate miwa iliyoungua kabla haijaharibika. Usiku wa namna hiyo uliitwa Canboulay, jina lililotokana na maneno ya Kifaransa ya miwa iliyoungua.

Utumwa ulikomeshwa katika makoloni ya Kiingereza tarehe 1 Agosti 1834, na uhuru kamili ukapatikana mwaka 1838. Ndipo watu waliowekwa huru walipoyageuza mateso yale kuwa sherehe. Walitoka usiku kwa mienge, wakipiga ngoma, wakiimba, wakicheza mchezo wa fimbo, mfano wa kirumbizi chetu cha pwani, ingawa wao walipigana kwelikweli hata damu ikatoka. Baadaye sherehe hiyo ikahamia usiku wa kuamkia Kanivali. Matajiri wakajitoa njiani, na maskini wa mjini Port of Spain, waliokuwa wakiishi katika vyumba vilivyopangana kuzunguka nyua, wakaifanya Kanivali kuwa yao.

Haifai kuwasifu kupita kiasi. Palikuwa na magomvi baina ya mtaa na mtaa, na nyimbo nyingine zilikuwa za matusi. Walakini twaona ya kuwa wenye mamlaka hawakuogopa matusi tu. Waliogopa kuona maelfu ya watu, ambao wazee wao walikuwa mali ya wengine, wameishika njia ya mji usiku kucha kwa moto na ngoma, wala hapana bwana aliyewaamrisha.

Mwaka 1880 mkuu wa polisi, Captain Arthur Baker, aliwaamuru watu watoe mienge, fimbo na ngoma zao. Walishtuka, wakazitoa. Lakini mwaka 1881 walikuwa wamejiweka tayari. Polisi walipotokea, vikundi vya mitaa vilivyozoea kupigana vikasimama upande mmoja, na mapigano makali yakatokea mjini. Gavana, Sir Sanford Freeling, akaenda mwenyewe kusema na watu, akawaahidi kwamba polisi watakaa katika kambi yao. Nao wakaimaliza sikukuu yao kwa amani. Twayataja hayo kwa sababu yaonyesha kwamba neno la upole liliweza kufanya kazi ambayo rungu halikuiweza.

Hata hivyo, sheria ilikuja. Mwaka 1884 ilitungwa sheria ya kuhifadhi amani, iliyompa Gavana uwezo wa kukataza mienge njiani, upigaji wa ngoma, na mkusanyiko wa watu 10 au zaidi wenye fimbo. Mwaka ule ule mkono wa sheria uliwafikia watu wengine pia. Tangu mwaka 1845 vibarua wa mkataba walikuwa wakiletwa kutoka Bara Hindi kufanya kazi ya miwa. Hao walikuwa na ngoma yao iitwayo tassa, chungu cha udongo kilichowambwa ngozi ya mbuzi, kinachokanzwa motoni ili ngozi ikaze na kulia vizuri, kisha hupigwa kwa vijiti viwili. Kila mwaka katika mwezi wa Muharamu waliipiga wakikumbuka kifo cha Imamu Hussein. Mwezi wa Oktoba 1884 walikatazwa kuingia mjini na maandamano yao. Walipokwenda San Fernando kama desturi yao, walipigwa risasi. Watu wasiopungua 16 wakafa, na wengi wakajeruhiwa. Basi isidhaniwe kwamba habari hizi za ngoma ni za mchezo tu. Palimwagika damu ndani yake.

Sasa watu walifanya nini? Sheria ilitaja ngoma; haikutaja mwanzi. Wahenga wetu walisema: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Watu walikwenda vichakani wakakata mianzi, wakaipima kwa urefu na unene mbalimbali. Mwanzi mkubwa, mrefu karibu kama mtu, ulipigwa chini ardhini kwa kitako chake, ukatoa sauti nene. Vipande viwili vifupi, kama futi moja kila kimoja, viligonganishwa kwa ncha, vikatoa sauti ya kati. Na mwanzi mwembamba uliwekwa begani ukapigwa kwa kijiti, ukatoa sauti kali yenye kurukaruka juu ya zile nyingine. Chupa iliyogongwa kwa kijiko iliongezwa. Kundi la namna hii liliitwa tamboo bamboo, yaani ngoma ya mianzi. Na kwa muda wa miaka 40 na zaidi lilikuwa sauti ya Kanivali ya maskini.

Tazama jinsi walivyofanya. Hawakutafuta kitu chochote tu cha kufanyia kelele. Waliigawanya kazi kama ilivyogawanywa katika ngoma za ngozi: nene ya kushikilia, ya kati ya kuitikia, na nyembamba ya kuchezea juu. Chombo kilichukuliwa, lakini mpango wa muziki ulibaki vichwani na mikononi mwao, mahali ambapo askari hawezi kuupekua.

Mwanzi una kasoro moja: ukipigwa chini siku nzima hupasuka. Katika miaka ya 1930 vijana walianza kushika vitu vya chuma vilivyotupwa: makopo ya biskuti, madebe ya rangi, vifuniko vya mapipa ya taka, na vyuma vya breki za motakaa. Chuma hakipasuki, na sauti yake yasikika mbali. Katika mtaa wa Newtown palitokea kundi lililoitwa Alexander's Ragtime Band, ambalo lakumbukwa kuwa miongoni mwa ya kwanza kuuacha mwanzi na kushika chuma kitupu.

Kisha vijana wakatambua jambo ambalo ndilo mzizi wa habari hii. Kopo likipigwa sana hubonyea, na pale palipobonyea au kutuna pana sauti mbali na sehemu nyingine. Kwanza ilikuwa bahati tu. Baadaye wakaanza kupabonyeza kwa makusudi. Wakapata sauti mbili, kisha tatu, kisha nne, na hapo kopo likaanza kuimba badala ya kulia tu.

Wakati wa vita kuu ya pili Kanivali ilikatazwa, tangu mwaka 1942 hata 1945. Lakini katika nyua za mitaa kazi iliendelea. Trinidad ni nchi yenye mafuta ya petroli, na Wamarekani walikuwa wamejenga kituo kikubwa cha manowari huko Chaguaramas. Mapipa ya chuma hayakuwa haba. Tarehe 8 Mei 1945, habari zilipofika kwamba vita vimekwisha Ulaya, watu walimiminika njiani, na makundi ya chuma yakatoka nyuani, wala hapana aliyeweza kuyarudisha.

Mwaka 1946 kijana mmoja wa mtaa wa John John, Winston Simon, aliyeitwa Spree, alipiga nyimbo kamili juu ya pani yake ya sauti 14 mbele ya Gavana. Kijana mwingine, Ellie Mannette wa Woodbrook, aligeuza umbo lake: mahali pa kutunisha uso wa pani utokeze juu kama tumbo, yeye aliudidimiza uingie ndani kama bakuli, akatumia pipa kubwa la mafuta, na vijiti akavifunga mpira nchani ili chuma kisipige kelele kali. Neville Jules alishughulika na sauti nene. Anthony Williams alizipanga sauti kwa mfano wa utando wa buibui, kila sauti ikikaa jirani na ile inayopatana nayo. Hata leo watu wa Trinidad hubishana ni nani aliyekuwa wa kwanza. Sisi twaona ya kuwa ubishi huo hauna mwisho, maana kila mtaa ulisikiliza ng'ambo ya ukuta ukaiba alilogundua jirani, ukaliongeza. Pani ni mtoto wa nyua nyingi.

Huenda wako wasikilizaji wanaodhani kwamba pipa ni pipa tu. Na tueleze jinsi pani inavyofanyika. Fundi hulipindua pipa, kitako juu, akakipiga kwa nyundo nzito kidogo kidogo mpaka kimedidimia kama bakuli pana. Kisha huandika mipaka ya kila sauti, akaifuata kwa tindo butu bila kutoboa, ili sauti moja isichanganyike na jirani yake. Ubavu wa pipa hukatwa: pani ya sauti nyembamba huachiwa ubavu mfupi, na ya sauti nene huachiwa mrefu. Kisha huichoma motoni na kuipoza. Ndipo huanza kazi ya sikio: kwa nyundo ndogo hugonga juu na chini ya kila kipande, akisikiliza, mpaka kila sauti imekaa mahali pake. Wala fundi hodari haridhiki na sauti moja. Ndani ya kipande kile kile huipatanisha na sauti ya pili, iliyo sawa nayo lakini juu zaidi, kama vile mtu mzima na mtoto wanavyoimba wimbo mmoja pamoja. Huko ndiko unakotoka mng'ao wa sauti ya pani.

Sauti nyembamba yataka mahali padogo, na sauti nene yataka mahali papana. Kwa hiyo pani ya juu moja yaweza kubeba sauti 28 au zaidi, ilihali pipa la besi labeba tatu au nne tu, na mpigaji wa besi husimama katikati ya mapipa sita au zaidi, akigeuka huku na huku. Na tofauti na ngoma ya ngozi, pani haina haja ya kukanzwa kabla ya mchezo. Moto wake ulikwisha siku ilipoundwa.

Je, wapigaji hao walisifiwa katika nchi yao? La. Watu wenye heshima waliwaita wahuni. Wazazi waliwapiga watoto wao waliokutwa nyuani, na msichana aliyeonekana karibu na pani alijiharibia jina. Nao wapigaji wenyewe walisaidia kulikuza sifa mbaya: makundi yalijipa majina ya sinema na ya vita, kama Invaders, Tokyo na Casablanca, na yalipokutana njiani yalipigana kwa mawe na visu. Mwaka 1949 serikali iliweka kamati ya kuchunguza mambo ya makundi hayo, na badala ya sheria nyingine ya kukataza, makundi yalifanya chama chao mwaka 1950.

Hapo ndipo ulipokuja mwaka 1951. Uingereza ilikuwa ikifanya maonyesho makubwa ya taifa mjini London, na Trinidad ikaazimu kupeleka kundi la wapigaji bora waliochaguliwa kutoka makundi yaliyozoea kupigana. Liliitwa TASPO. Mwalimu wao alikuwa Lieutenant Joseph Griffith, mzaliwa wa Barbados, aliyekuwa kiongozi wa bendi ya polisi. Griffith aliwaambia vijana hao ya kuwa pani lazima iwe na sauti zote za muziki bila kuruka hata moja, na ya kuwa besi lazima iwe na mapipa kadhaa badala ya moja. Yalikuwa madai makubwa, lakini mafundi wakayatimiza. Watu walichanga fedha za safari. Njiani mmoja alipatwa na ugonjwa akarudi, na wengine wakafika.

Mwezi wa Julai 1951 walisimama ukingoni mwa mto Thames na mapipa yao. Wapita njia waliona vyuma vikuukuu wakashangaa hivi vitafanya nini. Kisha wakasikia kalipso, na baada yake muziki wa mabwana wakubwa wa Ulaya, ukitoka katika kitako cha pipa. Mmoja wa wapigaji, Sterling Betancourt, alibaki Uingereza, akawa miongoni mwa walioipeleka pani mitaani Notting Hill katika miaka ya 1960.

Habari za London zilirudi nyumbani kabla ya wapigaji wenyewe. Ni jambo la kusikitisha, lakini ni la kweli, ya kuwa wengi walianza kukiheshimu kilicho chao baada ya kusikia kimesifiwa ng'ambo. Karibu na wakati ule ule Hazel Henley na wasichana wenzake walifanya kundi la wanawake watupu, Girl Pat, na watu waliofunga milango yao kwa wavulana wa nyuani wakaifungua. Trinidad na Tobago ilipata uhuru tarehe 31 Agosti 1962, na mwaka 1963 yalianzishwa mashindano makubwa ya pani yaitwayo Panorama. Washindi wa kwanza walikuwa North Stars, kundi la Anthony Williams. Siku hizi kundi kubwa laweza kuwa na wapigaji wapatao 100, wanaume kwa wanawake, watoto wa shule na wazee, nao hupiga kwa moyo bila karatasi mbele yao.

Mwaka 1992 serikali iliitangaza pani kuwa ala ya taifa. Mwaka 2023 Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 11 Agosti kuwa siku ya pani ulimwenguni.

Tujifunze nini? Wako watakaosema kwamba basi sheria ile ya mwaka 1884 ilileta heri, maana isingalikuwapo, pani isingalizaliwa. Sisi hatukubali. Aliyemfungia mtu mlango hawezi kudai shukrani kwa sababu mtu yule alijifunza kupanda ukuta. Heri ilitoka kwa waliopanda: waliokata mianzi, waliookota makopo, waliokaa nyuani usiku wakigonga na kusikiliza, ilhali majirani wakiwalaani. Kadhalika isisahauliwe kwamba kati ya ngoma na pani walipita watu wasiorudi nyumbani, na wengine walioketi gerezani kwa kosa la kupiga.

Na jambo la mwisho ni hili. Nembo ya taifa ya Trinidad na Tobago tangu mwaka 1962 ilikuwa na picha ya merikebu tatu za Columbus. Mwezi wa Januari 2025 Bunge lilipitisha sheria ya kuziondoa merikebu hizo, na mahali pake ikawekwa pani pamoja na vijiti vyake viwili. Sheria ya mwaka 1884 iliiondoa ngoma njiani. Sheria ya mwaka 2025 iliiweka juu ya nembo ya nchi. Kati ya sheria hizo mbili imepita miaka 141, na katika miaka hiyo yote upigaji haukukoma.